Siku ya Kukumbukwa Haingoji Desemba

Swali hili limenifuata kwa muda mrefu, nami naona heri nilijibu mara moja kwa wote. Anauliza mhudumu wa hoteli Diani, ambaye kila mwezi wa tano huambiwa akae nyumbani mpaka wageni warudi. Anauliza mke wa mvuvi Msambweni, kusi likivuma na mumewe akishinda kivulini akishona nyavu. Anauliza baba aliyekuwa na kazi nzuri kwenye mgodi wa titani hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Maneno hutofautiana, kiini ni hiki: "Mwaka wangu nusu neema, nusu ukata. Nitawapaje wanangu siku za kukumbuka?"

Wengi wenu mnangoja Desemba. Nawaelewa, lakini hesabu inakataa. Mwenye kazi ya hoteli Desemba yuko zamu, Krismasi yuko zamu, mwaka mpya yuko zamu, na akirudi nyumbani anataka kulala tu. Pesa anazo, nafasi hana. Mei ikifika nafasi anayo, pesa hana, na kwa kuwa hana pesa anaamini siku hizo si za kuhesabiwa. Ushauri wangu wote unasimama hapo: chota kidogo cha msimu wa pesa ukipeleke kwenye msimu wa nafasi, na siku yenyewe ikifika mpe kila mtu kazi. Mtu hukumbuka alichofanya kwa mikono yake kuliko alichotayarishiwa.

Panga kwa maji, usipange kwa mshahara

Ufuo ndio ukumbi wa bei nafuu kuliko wote tulio nao, na ndio tunaoutumia vibaya. Familia hufika jua la utosi, maji yamejaa, watoto wanakatazwa kuingia, wakubwa wameinamia simu, na saa tisa watu wanatafuta matatu ya kurudi. Ufuo una saa zake. Muulize mvuvi yeyote.

1. Angalia mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hukupwa mbali sana. Kwetu kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, kwenye saa nne au saa tano, na kila siku huchelewa kidogo.
2. Fikeni maji yakiwa yanatoka, yaani kama saa mbili asubuhi. Yakianza kugeuka, wote watoke mwambani. Mkubwa mmoja awe na kazi moja tu, kuangalia maji, na simu yake ibaki mfukoni.
3. Viatu kwa kila mguu, hata kama ni raba kuukuu. Mwambani kuna miiba, na mtoto aliyechomwa saa tatu atalia hadi saa saba.
4. Tazameni, msibebe. Kombe lenye mdudu ndani libaki lilipo.
5. Aprili na Mei ni masika. Mvua ikiharibu siku, msiifute. Isogezeni hadi bamvua la pili, ni wiki mbili tu.

"Lakini Diani imekuwa ya wageni," mtaniambia. Kuta ni ndefu na njia za kushukia zimebaki chache, hilo sibishi. Hata hivyo, Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ya umma. Pitieni upande wa Kongo, penye ule msikiti wa kale na mibuyu, mto Mwachema unapoingia baharini. Pana mchanga, pana mto, pana kivuli. Vaeni kwa heshima, kwani pale ni mahali pa ibada hadi leo, na msiruhusu mtoto avuke mdomo wa mto maji yakiwa yanajaa.

Kila mtu na kazi yake

Mama akipika usiku, akafungasha, akabeba, akapakua, kisha akaosha vyombo, wengine wataikumbuka siku. Yeye atakumbuka mgongo. Vunjeni utaratibu huo. Gawanyeni kazi jana yake, kwa majina:

- Mtoto wa miaka mitano: kuhesabu vikombe wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kikipungua kimoja, yeye ndiye anayekisaka.
- Kijana aliyenuna: moto na samaki. Mpe kazi inayoweza kuharibika, atainua kichwa.
- Baba: vyombo. Ndiyo, vyombo.
- Bibi: asiguse sufuria. Mpe mkeka, kivuli, na mjukuu mmoja mwenye maswali.

Mwenye miaka tisa au kumi mkalisheni kwenye mbuzi ya nazi. Usimkunie. Mpe nazi iliyokwisha kuvunjwa, mwonyeshe kuanzia ukingoni, kuizungusha huku anakuna, na kuacha kabla meno ya mbuzi hayajafika kwenye kifuu, maana hapo tui linaingia weusi. Atakuna vipande vikubwa vikubwa. Ataanza kwa pupa na kuchoka nazi ikiwa nusu. Mwache apumzike na arudi mwenyewe. Tui la kwanza alikamue yeye kwenye kifumbu na alionje kabla ya yeyote. Wali ukitoka mashendea, basi ni wali wake, na ndio atakaousimulia akiwa na watoto wake. Mzazi mwenye haraka ya kunyang'anya mbuzi amejipikia wali mzuri, na siku imempita.

Msimu wa pesa: fungu dogo, lisiloguswa

Hapa sina mengi. Wiki zile za Julai na Agosti, na zile za Desemba hadi Machi, chagua bakshishi ya siku moja katika juma. Iweke mbali na pesa za nyumbani: kwa kibubu, kwa chama, au kwa dada asiyekopesha ovyo. Fungu hili halilipi karo wala halinunui simenti, na ndiyo sababu liwe dogo, ili lisikutie majaribuni. Matumizi yake ni nauli, mchele na nazi, kusafisha picha, na leso.

Leso nizieleze kidogo. Huuzwa jozi, pande mbili zenye jina moja. Tukio likija (binti kamaliza shule, mjukuu kazaliwa, mama katoka hospitali) nunua jozi moja, upande mmoja chukua wewe, upande wa pili mpe mwenzio. Shoneni tarehe kwenye pindo kwa uzi. Muwe makini na jina: leso husema, na ukimpa mkamwana jozi yenye kijembe, mtakumbukana kwa namna nyingine kabisa.

Harusi isiyoacha deni

Kosa kubwa la msimu wa neema ni kuutumia wote kwa siku moja, tena kwa kukopa. Sikatazi harusi. Nasema muulize mwanamke yeyote wa Ukunda au Vanga anakumbuka nini cha harusi yake. Rangi ya mapambo ya jukwaani itamtoka haraka. Atakutajia usiku wa hina, nani alimpaka, nani aliimba, nani alilala mlangoni kwa uchovu.

Kabla ya kusaini deni lolote:

- Andika mambo matatu ambayo bibi harusi na bwana harusi wenyewe wanayataka. Hayo yalipiwe kwanza.
- Pilau ipikwe na majirani kwa kuni, kama mtaa unaruhusu. Usiku wa kuchambua mchele na kutwanga viungo ni nusu ya sherehe, na watoto wasifukuzwe hapo.
- Mpiga picha apewe orodha ya wazee. Picha mia za keki na hata moja ya babu, hizo ni hasara.

Mtu atasema, "Watatucheka." Watacheka wiki moja. Deni lina miezi.

Msibani: hapa ndipo tunapoteleza

Watu hudhani siku za kukumbukwa ni za furaha peke yake. Barua nyingi ninazopata kuhusu msiba zinasema kinyume: mtu anakumbuka kwa miaka nani alikuja, na zaidi nani alirudi.

Hanga likiwa limejaa, mfiwa hana upungufu wa watu. Upungufu huanza turubai likishashushwa na viti vya kukodi vikirudishwa. Kuhusu arobaini, masheikh wanatofautiana na mimi siingii humo. Ninalojua ni kwamba mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na kufikia mwezi wa pili mlango wake haubishwi hodi. Hapo ndipo penye nafasi yako.

1. Weka siku kwenye simu, baada ya wiki ya tatu. Usiiachie moyo ukumbuke.
2. Wanawake, nendeni na kitu kibichi: muhogo, samaki, mchicha. Kilichopikwa hupakuliwa ukaondoka. Kibichi huwaketisha jikoni pamoja.
3. Usirudie "ni mipango ya Mungu". Kashaambiwa, na anaamini. Muulize jambo dogo: marehemu alitaka chai yake vipi? Lile jina la utani alipewa na nani? Alikuwa akigombana na jogoo gani?
4. Akicheka, cheka. Akilia, kaa. Kumbembeleza anyamaze ni kujihurumia wewe.
5. Akiwa tayari, omba kurekodi sauti yake akisimulia. Akikataa, yaishe, na usirudie kuomba siku hiyo.
6. Kwa watoto wa marehemu, warithi wakubaliane mapema kila mtoto apate kitu kimoja kilichotumika: kofia, mshipi wa kuvulia, kalamu, mwiko. Wakubaliane kwanza, maana mali ni ya warithi, na kofia inayochukuliwa kimya kimya huzaa kesi.

Mtauliza, "Kucheka kwenye nyumba ya msiba si kumvunjia heshima marehemu?" Siku ya maziko, ndiyo, utaonekana huna adabu. Mwezi wa pili, kumtaja kwa vituko vyake ni kumrudisha nyumbani kwake kwa saa moja. Wajane wengi wameniambia jambo linalowauma ni kwamba watu wameacha kabisa kulitamka jina lake.

Onyo: mfiwa asiyekula wala kulala kwa wiki nyingi, au anayesema naye anataka kufa, haponi kwa ziara na muhogo. Mpelekeni kwa daktari. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na hakuna aibu kusindikizana.

Mwaka wa ukata nao uandikwe

Aprili 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga kuingia na kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi, na hoteli za Diani zikabaki na walinzi. Kwa wakubwa ilikuwa hofu ya kodi na unga. Waulize leo waliokuwa watoto, na usishangae wakikutajia kwamba baba alikuwa nyumbani saa za mchana na aliwafundisha kurusha mshipi. Hawakuwa hawajui shida. Walijua, wakapata na jambo jingine pembeni yake.

Kwa hiyo kazi ikikatika:

- Waambie watoto ukweli kwa kipimo chao: "Baba hana kazi kwa sasa, kwa hiyo tunabana." Watoto waliofichwa hubuni makubwa zaidi.
- Wekeni jioni moja kwa wiki isiyokosa. Chai ya strungi na muhogo, televisheni imezimwa, kila mtu jambo moja la wiki, hata kama ni baya.
- Usiuze wala kutupa karatasi za kipindi hicho. Beji ya kazini, barua ya kuachishwa, risiti ya duka uliyolipa kwa awamu: tia kwenye bahasha moja na picha za harusi.

Hiyo ya bahasha huwashangaza watu. Fikirieni Wamakonde wa Kwale, wengi wao wakiwa kizazi cha waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walioishi miongo bila vitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari hadi Ikulu ya Nairobi kudai uraia, na 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mtoto wao akionyeshwa kitambulisho peke yake, kaonyeshwa mwisho wa hadithi. Safari ile, na miaka ya kukosa hata laini ya simu kwa jina lako, ndiyo inayompa kitambulisho uzito. Nyumba yako nayo ina safari ya namna hiyo. Isimulie ikiwa na vumbi lake.

Na mtihani? Mtoto akipata alama duni, matembezi mliyopanga yasifutwe. Maneno makali yana siku yake, na siku hiyo isiwe hii.

Aliye Ghuba

Nyumba nyingi za huku zina mama au dada Saudia, Qatar au Imarati. Msingoje arudi ndipo muanze kuishi.

- Saa za Riyadh na Nairobi ni moja. Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja. Chagueni mlo mmoja kwa mwezi mtakaoula wakati mmoja, kila mtu kwake.
- Kama mwajiri anazuia simu, tumieni ujumbe wa sauti. Mtoto amsimulie mama jambo moja dogo kila wiki: jino limetoka, paka kazaa, mwembe umechanua. Habari za "tuko salama, tuma pesa" hazihifadhiwi na mtu.
- Msimpigie siku za shida tu. Simu yenu ikilia, asiwe anashtuka.

Simu na picha

Piga picha dakika kumi za mwanzo, kisha weka simu kwenye mkoba. Ukirekodi mzee karibu na bahari, upepo utakula sauti. Ingieni kibandani au ifunikeni simu kwa leso nyepesi. Ipe faili jina la mtu na tarehe, na umtumie ndugu mmoja usiku huo huo, kwa sababu simu huibiwa, na nyingine huzama. Mara moja kwa mwaka safisha picha chache, andika nyuma majina yote. Yote. Wajukuu hawatajua "shangazi" ni yupi.

Pa kwenda na mfuko mwepesi

Gazi, kina mama wana njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na ukiagiza mapema watawapikia. Kijiji hicho na Makongeni ndivyo vyenye mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni tangu 2013 na kutumia mapato kwa maji na shule. Mkitaka kupanda mkoko kwa jina la mtoto, pandeni kupitia wao. Mche unaochomekwa popote matopeni hufa, na mtoto huuona umekufa.

Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia 2008, mtafungwa kaniki kiunoni na kuongozwa na mwenyeji. Fuateni masharti ya wazee, pamoja na ya picha. Wasini haina magari, jambo ambalo kwa mtoto wa Ukunda ni ajabu tosha. Shimba Hills ina palahala, ambao Kenya nzima wanapatikana pale tu porini, na maporomoko ya Sheldrick yenye mita 21. Kwa familia kubwa gharama hupanda, hivyo jiungeni na kundi la shule au la mtaa. Pahali pamoja kwa siku moja. Wanaotaka Gazi asubuhi na Wasini jioni hukumbuka barabara.

Maswali ya mwisho

"Watoto wangu washakuwa wakubwa, nimechelewa?" Waombe wakufundishe kitu: simu, mapishi mapya, mpira. Wewe ndiye uwe wa kukuna nazi vibaya.

"Mimi naishi peke yangu." Panda mnazi, alika jirani siku ya kuupanda. Ule mrefu wa pwani huchukua kama miaka sita kuzaa, na kila anayepita atauliza umefikia wapi.

"Nikipanga sana, siku haitakuwa ya kuigiza?" Itakuwa, ukipanga hadi vicheko. Panga maji, nauli na kazi za watu. Mengine yaache.

"Na familia ikiwa imegombana kwa ajili ya shamba?" Kwale hii, ni nyumba gani haijagombana? Msiifanye siku hiyo kuwa baraza. Kubalianeni mapema kwamba shamba halitajwi, wala hatimiliki, wala mpaka wa ule mkorosho. Atakayelianzisha anamsaidia baba vyombo.